Msiwasingizie watoto, kompyuta hazikuwa na kitufe

Mhariri,

Gazeti lako hunifikia kwa mkono wa kinyozi. Yeye hulinunua Jumamosi kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu, nami kwa kuwa kibanda changu cha ufundi redio kimepakana na chake hapa Mwanga, Kigoma, hulipata Jumatatu likiwa na nywele katikati ya kurasa. Ndivyo nilivyoisoma barua ya msomaji mmoja aliyesema kompyuta ndogo za msaada zinazoletwa shule za mikoani hufa kabla muhula haujaisha kwa kuwa watoto wa huku hawajui kutunza vitu, na kwamba fedha hizo zingenunua madawati.

Madawati sina ugomvi nayo. Ila hilo la watoto nimekaa nalo wiki nzima, kwa sababu kompyuta kumi za namna hiyo zimepita mikononi mwangu na ninajua kilichoziua. Kwa sehemu ni mimi. Naomba nafasi nieleze, na kama barua ni ndefu, kata huko mwisho, usikate katikati penye pini.

Tunazungumzia Raspberry Pi. Ni bodi moja tupu yenye ukubwa wa kadi ya benki, haina kasha, haina feni, haina diski. Unaichomekea skrini, kibodi, mausi na chaja kama ya simu, unaweka memori kadi tumboni, inakuwa kompyuta. Ilibuniwa Cambridge, Uingereza, na kina Eben Upton na wenzake waliotaka watoto wapate kitu cha bei ndogo cha kujifunzia kuandika programu. Ilipoanza kuuzwa 2012 bodi ilikuwa dola 35. Kwa bei hiyo vitu vingi viliachwa, na kimojawapo ni kitufe cha kuwasha na kuzimia. Sikilalamikii kiwanda. Redio za mkulima nazo ziliachwa vitu vingi na zimetulea. Ninachosema ni kwamba kitu kikiachwa kiwandani, lazima mtu mwingine akumbuke kukiweka, na huku kwetu hakuna aliyekumbuka.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, alikuja kibandani mwalimu kijana wa TEHAMA kutoka shule moja ya sekondari upande wa Ujiji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, vuta kigoda."

Akatoa bahasha ya kaki, akamwaga juu ya meza yangu memori kadi saba kama mtu anayemwaga karanga. "Mama, hizi zinaponyeka?"

Tatu zilisomeka nusu nusu. Nne hazikusomeka kabisa, hata simu ilizikataa. Akaniambia kila mwezi wanazika mbili, na kwamba mkuu wa shule ameshaanza kusema chumba kifungwe mpaka apatikane mtaalamu kutoka Dar. Nikamwuliza mnazizimaje. Akasema wanazima kawaida. Mhariri, katika miaka 23 ya ufundi nimejifunza kuliogopa neno "kawaida" kuliko neno "imelipuka". Aliyesema imelipuka nitaona masizi. Aliyesema kawaida itabidi nimfuate kwake.

Nikapanda bajaji kesho yake nikakaa nyuma ya darasa, saa nane mchana mpaka jioni. Wanafunzi watatu watatu kwa kila mashine, wametulia, na hakuna aliyekuwa akirukaruka wala kumwaga soda. Kipindi kikaisha. Binti mmoja wa kidato cha pili akafanya vizuri kabisa: akapeleka mausi kwenye menyu, akachagua kuzima, skrini ikawa nyeusi. Kwenye bodi taa nyekundu ikabaki inawaka. Hiyo taa husema tu kwamba umeme unafika, mashine iwe macho au imelala. Lakini yeye hakuambiwa hivyo, na kusema kweli hata mwalimu hakuambiwa.

Likaingia kundi la pili. Mashine ile imelala. Mtoto wa kwanza kuketi akatazama skrini nyeusi, akatazama taa nyekundu, akapeleka mkono akachomoa waya wa chaja kwenye bodi, akauchomeka tena. Ikawaka.

"Mwanangu, nani kakufundisha hivyo?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani kamfundisha kupiga chafya. "Mama, sasa itawakaje?"

Sikuwa na jibu. Na ndiyo habari yenyewe hiyo: ukishaizima mashine hii kwa adabu, hakuna namna nyingine ya kuiwasha iliyo wazi isipokuwa kuinyima umeme na kuurudisha. Kwa hiyo waya wa chaja ndio uliokuwa kitufe chao. Na mtoto aliyejifunza kwamba waya ndio wa kuwashia, kwa nini asizimie hapo hapo? Mausi ikikwama, waya. Kengele ikilia na mwalimu wa hesabu anasubiri, waya. Wengine walikuwa wameuchomoa mara nyingi hata mdomo wa bodi unapoingia chaja umelegea. Miwili nimeichomea upya kwa risasi, na ile ni kazi ya macho kwelikweli, maana miguu yake ni midogo kuliko mguu wa sisimizi.

Saa kumi na mbili jioni nikaona la pili. Mlinzi, mzee wa heshima, alikuwa ameamriwa kwamba usiku isibaki taa yoyote inawaka baada ya ekstensheni moja kuungua siku za nyuma. Akachungulia dirishani, akaona taa nyekundu kumi. Akaenda kwenye meni swichi. Kap! Mashine nne zilikuwa bado hazijazimwa. Mzee hakukosea, alitii.

Sasa kwa nini kukata umeme ghafla kunaua kadi, wakati redio yangu naikata hivyo kila siku na haifi? Redio haiandiki kitu. Kompyuta huandika muda wote, hata ukiwa umekunja mikono. Huandika kumbukumbu zake, saa, nani kaingia, nini kimekwama. Na kadi nayo ina tabia yake. Haiwezi kubadili neno moja mahali lilipo. Hulazimika kushika sehemu nzima, kuifuta na kuiandika upya, pamoja na maneno mengine ambayo hayakuwa na shida. Nenda Kibirizi siku boti inashusha mzigo. Magunia yaliyo ndani ya boti yako salama, yaliyofika ufukweni yako salama. Mtu akiuvuta ubao wakati wapagazi wako juu yake, kinachozama ni gunia lililokuwa begani, na aliyevuta ubao hachagui ni gunia la nani. Siku nyingine inazama picha ya mwanafunzi. Siku nyingine linazama faili ambalo bila hilo mashine haiamki, na mara nyingine kadi yenyewe inapotea njia ikawa haijui tena magunia yake yako wapi.

Kuzima kwa adabu maana yake ni kuiambia mashine: maliza walio kwenye ubao, kisha tuvute. Huchukua sekunde chache tu.

Hapo nikaingia mimi na ujuzi wangu.

Nikamwambia mwalimu, tatizo dogo hili, nitawawekea swichi. Nikanunua swichi kumi za waya, zile za taa ya mezani, za kuteleza kwa kidole gumba. Nikakata kila waya wa chaja katikati, nikafunga swichi, nikaviringisha utepe mweusi. Zilipendeza. Watoto wakapiga makofi, nikalipwa, nikala migebuka siku ile. Sikuona kwamba nilichofanya ni kuwarahisishia kuchomoa waya. Kukata umeme ni kukata umeme, ukate kwa mkono au kwa swichi nzuri.

Tena nililizidisha. Baada ya wiki mwalimu akapiga simu: "Mama, kwenye skrini kuna radi." Nikafikiri anatania. Nikaenda, kweli, pembeni kwenye kona ya skrini kuna alama ndogo ya radi ya manjano inakuja na kutoweka. Nikachukua mita nikapima kwenye bodi, nikakuta volti 4.5 wakati mashine inafanya kazi. Zinatakiwa 5, na ikishuka chini ya 4.63 bodi hiyo huonyesha ile radi kulalamika kwamba ina njaa. Swichi zangu zilikuwa na vyuma vyembamba vya taa ndogo, na mashine hizo hutaka chaja ya ampea 2.5. Umeme ulikuwa unaishia njiani, kwenye kiungo changu mwenyewe. Mwezi ule zilikufa kadi tano. Fedha nilishakula, kwa hiyo nililipa kwa miguu: nilirudi Ujiji jioni baada ya jioni bila malipo mpaka swichi zote zikatoka na chaja zikaungwa moja kwa moja kwa waya mnene.

Msomaji wako wa barua ile angefika wiki hiyo angeona kadi tano zimekufa, watoto kumi na watano wamekaa, na angeandika ninyi mnajua nini.

Aliyenitoa gizani ni binti wa dada yangu anayesoma chuo Dar. Nilimweleza kwa simu nikitegemea ataniambia ninunue kifaa fulani. Akasoma maelezo ya mashine hiyo huko aliko, akanipigia usiku. "Mama mdogo, kitufe kipo. Ni pini namba tano."

Bodi ile ina pini 40 zimesimama kwa safu mbili kama askari. Uziite kwa namba ukianzia upande ulio mbali na matundu ya USB. Safu ya ndani ni witiri: 1, 3, 5. Safu ya ukingoni ni shufwa: 2, 4, 6. Pini ya 5 na ya 6 zinatazamana, ni za tatu kutoka mwanzo. Ya 6 ni ethi, upande wa sifuri wa umeme. Ya 5 ina kazi nyingine, lakini ina siri hii: mashine ikiwa imelala huku umeme unafika, ukiigusisha ya 5 na ya 6 kwa nukta moja, inaamka. Hiyo imo ndani yake tangu kuzaliwa, hutakiwi kuweka programu wala kulipa.

Kwa kuilaza, unatakiwa kuandika mstari mmoja. Chomoa kadi, iweke kwenye kompyuta yoyote, utaona faili liitwalo config.txt. Lifungue, nenda chini kabisa, andika mstari huu kama ulivyo bila nafasi: dtoverlay=gpio-shutdown. Hifadhi, toa kadi kwa utaratibu (utaratibu, tafadhali, tumefika mbali kwa sababu hiyo), irudishe. Kuanzia hapo mguso ule ule wa 5 na 6 unailaza ikiwa macho na kuiamsha ikiwa imelala.

Hapa ndipo nilipokuomba usikate, Mhariri. Ukikosea kuhesabu kwa hatua moja tu, badala ya 5 na 6 unashika 3 na 4. Pini ya 4 ina volti 5 zilizo hai, na hizo pini nyingine za kazi zinavumilia 3.3 tu. Siku utakapobonyeza kitufe hicho utaiua bodi, na bodi si kadi, haibadilishwi kwa elfu kumi na tano. Kwa hiyo usiamini macho. Weka mita: mkono mweusi wa mita kwenye 6, mwekundu kwenye 5, bodi ikiwa na umeme. Ukisoma 3.3 uko nyumbani. Ukisoma 5, au namba nyingine yoyote, hata yenye alama ya kutoa, ondoa mikono, umekosea pini. Mimi nilisoma 5 mara ya kwanza. Mikono ilitoka jasho.

Kitufe chenyewe kiwe cha kubonyeza kikarudi, kama cha kengele ya mlangoni, si kile cha kubonyeza kikakaa. Nilinunua kimoja cha kengele dukani, nikatafuta waya wenye kichwa cha kuvaa kwenye pini, sikupata mjini. Nikarudi kibandani nimekata tamaa, nikakalia kasha la kompyuta ya mezani iliyokufa, mojawapo ya zile ninazonunua kwa kilo kwa wauza chuma chakavu ili nitoe feni na nyaya. Mhariri, nilikuwa nimekalia jibu! Kila kasha la kompyuta ya mezani lina kitufe mbele, kinachorudi chenyewe, kina nyaya mbili, na mwisho wa nyaya kuna kichwa cha matundu mawili kinachovaa kwenye pini ya 5 na ya 6 kana kwamba kilipimwa kwa ajili yake. Hakihitaji hata risasi. Haijalishi hata waya upi unakaa wapi, maana kitufe hakina kulia wala kushoto.

Nilikivaa kwenye mashine ya kwanza jioni ile ile mbele ya mwalimu na mlinzi. Nikabonyeza. Skrini ikafunga madirisha yake, ikawa nyeusi, kisha taa ya kijani kwenye bodi ikakonyeza mara kumi na kutulia. Hiyo ndiyo ishara kwamba wapagazi wote wametoka kwenye ubao. Nikabonyeza tena, ikaamka. Mwalimu alibonyeza mara nane, kama mtoto. Nilimwacha.

Makasha ya chakavu yalinipa vitufe vinne. Vingine sita nilivinunua vya kengele na kuviunga na vichwa nilivyokata kwenye nyaya za taa za makasha yale yale. Ndiyo maana wanafunzi wote wanaviita kengele, hata vile visivyo kengele. "Umeipigia kengele?" wanaulizana kabla ya kutoka. Mimi sikuwafundisha msemo huo.

Yalibaki madogo. Kitufe hakiulizi una uhakika, ukikigusa kwa kiwiko mashine inaanza kulala na kazi ya mtu ambayo haijahifadhiwa inakwenda. Ilitokea siku ya pili, na binti mmoja alilia. Nikakata vizibo vya chupa za maji, nikavigandisha vikazunguka kitufe kama ukuta, hadi uingize kidole kwa kukusudia. Halafu ilikuwepo mashine ya mwalimu. Bodi hizi hazina saa ya ndani inayoishi bila umeme, na mahali pasipo na intaneti huamka zikidhani ni siku nyingine kabisa, kwa hiyo ya kwake ilikuwa imefungwa kisaa cha betri, na kisaa hicho hutumia pini ya 3 na ya 5. Imeshachukuliwa. Kitufe cha mwalimu nikakipeleka mwisho wa safu, pini ya 39 na 40, na mstari wake ukaongezwa maneno: dtoverlay=gpio-shutdown,gpio_pin=21. Usishangae kwamba pini ya 40 inaitwa 21, waliozitengeneza walizipa majina mawili, na mimi nimeacha kuuliza kwa nini. Huko kitufe kinalaza tu, hakiamshi. Mwalimu bado anachomoa waya kuwasha, lakini anachomoa wakati ubao hauna mtu.

Na mlinzi nilikwenda kumwona kwa adabu yake. "Shikamoo mzee, nakuomba kitu kimoja kabla ya meni swichi." Sasa kila jioni anaingia na ufunguo, anatafuta mashine zilizosahauliwa bila kulazwa, anabonyeza, anahesabu konyezo kwa Kiha kwa sauti, akifika kumi anakwenda ya pili. Kisha ndipo anakata umeme wote. Hilo la kukata nililitaka libaki, kwa kuwa mashine iliyolala bado hunyonya umeme kidogo, na umeme ukikatika usiku na kurudi, zote kumi zingeamka zenyewe na kukesha bila mtu.

Najua swali la wajanja: umeme ukikatika darasa likiendelea, kitufe kitasaidia nini? Hakitasaidia. Sisi tuliokaa miaka na majenereta ya dizeli kabla gridi ya taifa haijatufikia tunalijua giza la ghafla kwa jina lake la nyumbani. Kwa hilo mashine ina mpangilio mwingine, unaifanya kadi isomwe tu isiandikwe, na yote yanayoandikwa yakae kwenye memori ya muda yapotee ukizima. Tumeuweka kwenye mashine tisa za wanafunzi, nao wanahifadhi kazi kwenye flashi. Ya mwalimu tumeiacha iandike, tukaifungia betri ndogo. Lakini angalia: tangu mwezi wa saba mwaka jana, kwa kitufe pekee kabla ya mpangilio huo, kadi zilizokufa zilikuwa mbili, na moja ilikuwa imekanyagwa.

Wazee wetu hapa wanaikumbuka historia ya meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaja vipande vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa hapa Kigoma. 1916 Wajerumani walipozidiwa waliizamisha kwa mikono yao. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine zake grisi nene. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi ikiwa na jina la sasa. Miaka kadhaa chini ya maji na mashine zikafaa, kwa kuwa aliyeizima aliizima kama fundi. Nilipowasimulia watoto hao, mmoja aliuliza kama na kadi zinapakwa grisi. Nikamwambia asithubutu.

Kwa msomaji mwenzangu wa barua ile: wenye mashine wenyewe wameshakubali kwamba kitufe kinatakiwa. Toleo la tano lililotoka 2023 limekuja na kitufe ukingoni, kidogo kama punje ya mtama. Nililiona kwa mgeni mmoja aliyepita shuleni, nikacheka peke yangu. Kabla ya hapo, toleo la kwanza hadi la nne, kitufe hakikuwepo, na ndizo zilizojaa kwenye shule zetu. Watu wazima wenye shahada walihitaji miaka 11 kukiweka. Mtoto wa kidato cha pili alipewa siku moja, bila kuelezwa, akaitwa mharibifu.

Kwa wanaoleta misaada: mnatuletea skrini, kibodi, mabango yenye majina yenu na fulana. Ongezeni kitufe kimoja kwa kila bodi, na karatasi moja kwa Kiswahili ya kubandika ukutani inayosema taa nyekundu maana yake nini na ya kijani maana yake nini. Kama mzigo umeshafika bila hivyo, msitume mtaalamu kutoka mbali. Kila mji una fundi redio mwenye mita, na kila fundi redio amekalia kasha la kompyuta iliyokufa.

Mwalimu wa shule ya jirani na ile ya Ujiji ameshanifuata, ana mashine sita na bahasha yake ya kadi. Vitufe vya chakavu nimebakiwa na vitatu, kwa hiyo mwenye makasha mabovu ya kompyuta za mezani asiyauze kwa wenye mizani kabla hajapita kwangu. Nanunua kwa kilo bei ile ile, na kasha nitamrudishia. Ninachotaka ni kile kidude cha mbele na nyaya zake mbili.

Fundi redio,
wateja huniita Mama Redio,
Mwanga, Kigoma